Nakala ya Ishirini

Mwalimu aliyenifundisha kusoma, katika shule ya msingi hapa Lodwar, alistaafu akiwa na vitu viwili: kiinua mgongo kisichokuwa kikubwa, na madaftari 7 aliyoyaandika kwa mkono wake nyakati za usiku. Madaftari hayo yalihusu jambo moja tu, nalo ni tabia ya mtu aliyepewa madaraka juu ya watu wengine. Kiinua mgongo kikayapeleka madaftari Kitale yakapigwe chapa, nayo yakarudi juu ya basi yakiwa kitabu cha kurasa 96, nakala 300, katika maboksi yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mwalimu alinipa nakala ya kwanza, nami nikaisoma kwa usiku mmoja. Sitaki kumsifu kupita kiasi kwa sababu ni mwalimu wangu. Sura mbili za katikati ni nzito kama mchanga wa mto Turkwel wakati wa kiangazi, mtu hupiga hatua tatu akasogea moja. Walakini sura inayohusu Lokitaung sijaisahau mpaka leo.

Lokitaung iko kaskazini kwetu, upande wa mpaka wa Ethiopia. Huko ndiko walikofungwa, baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Kenyatta alikuwa na umri mkubwa kuliko wenzake, akaepushwa na kazi ya sulubu akapewa kazi ya kuwapikia. Kifungo chake kilipokwisha mwaka 1959 hakuachwa huru, bali aliletwa hapa Lodwar akae chini ya amri ya serikali, hata Aprili 1961 alipohamishiwa Maralal. Lililomshughulisha Mwalimu si mateso ya watu hao, kwa kuwa wengi wameyaandika. Lililomshughulisha ni kwamba walikula chungu kimoja na jua lile lile liliwachoma, kisha nchi ilipopata uhuru wakaachana njia. Mwaka 1965, huko Kandara, Kenyatta akiwa Rais alimkemea Kaggia mbele ya umati: wenzake waliofungwa pamoja naye wamejipatia mali, je, yeye amejifanyia nini? Naye Kaggia alikuwa akidai ardhi kwa ajili ya watu wasiokuwa nayo. Mwalimu hakumhukumu mmoja wala mwingine. Aliliandika swali hilo katika kitabu chake, akaacha nusu ya ukurasa mtupu chini yake, akamtaka kila msomaji aandike jibu lake mwenyewe.

Kitabu hicho hakikununuliwa. Kwa muda wa miezi 4 ziliuzwa nakala 41. Mwalimu alizibeba nakala zake katika mfuko, akapita maduka na maofisi, na kila mahali watu walimsalimu kwa heshima, "Ejok, Mwalimu," wakalisifu jalada, wakaahidi kununua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita, na maboksi yakabaki chini ya kitanda chake. Yeye hakuwa wa kwanza kuwaza mambo haya kwa Kiswahili. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka uliofuata, na katika vitabu vyote viwili mwenye madaraka hupimwa kwa tabia yake. Vitabu hivyo vilipata shule za kuvichukua na kuvitia mikononi mwa vijana, kizazi baada ya kizazi. Kitabu cha mwalimu mstaafu wa Lodwar hakikuwa na shule ya kukichukua. Kilikuwa na mimi tu.

Nikamwendea jioni moja, nikamkuta ameketi nje ya nyumba yake.

"Mwalimu," nikasema, "niruhusu nigawe nakala 20 bure kwa njia ya mitandao ya kijamii."

"Uwape nani?"

"Wale watakaokitangaza kitabu. Kila atakayelisambaza tangazo letu na kuwataja rafiki zake watatu, jina lake litatiwa katika kura. Kura zitakazotoka zitapata kitabu. Watu wa biashara wote hufanya hivyo siku hizi."

Alinyamaza muda mrefu, akimtazama mbuzi aliyekuwa akitafuna kipande cha boksi. Kisha akasema, "Mwanangu, uchaguzi uko karibu. Unawaona watu wanavyogawa unga na leso ili wapendwe. Mimi nimeandika kitabu kizima kusema kwamba hayo ni makosa. Sasa unataka nikigawe bure kitabu hicho, ili nami nipendwe?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema kwamba unga huliwa ukaisha, na kitabu hubaki. Jibu hilo lilinipendeza wakati ule, ingawa sasa naona kwamba halikugusa swali lake. Yeye aliijua Sura ya 6 ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na uadilifu, karibu neno kwa neno. Alinikumbusha kwamba kifungu cha 76 kinaihesabu zawadi apewayo afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kikazi kuwa ni zawadi ya Jamhuri, ambayo haina budi kukabidhiwa, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vingine. "Walioandika hivyo," akasema, "walijua kwamba zawadi ina mkono wa pili usioonekana." Hata hivyo, nadhani yale maboksi chini ya kitanda yalikuwa yamemchosha. Akakubali kwa sharti moja. Alitaka orodha: jina la kila aliyepata kitabu, mahali anapokaa, na tarehe ambayo kitabu kilifika mkononi mwake. "Si tarehe ya kura," akasema. "Tarehe ya kufika."

Tangazo nililitia katika Facebook na katika makundi ya WhatsApp mwanzoni mwa Mei 2022. Nilimtaka kila mshindani aandike sifa moja ya kiongozi mwema, awataje rafiki zake watatu, kisha alisambaze. Msomaji, sikupata kuona watu wengi namna ile wakizungumzia uadilifu. Katika siku 3 majibu yalipita 900. Neno "uaminifu" liliandikwa mara nyingi hata likapoteza ladha, maana wengi walinakili jibu la aliyetangulia bila kubadili hata kosa la tahajia. Mtu mmoja alijiandikisha kwa majina 4, na picha zake 4 zilikuwa za mtu yule yule aliyevaa kofia mbalimbali. Mwingine aliuliza kwa adabu kama angeweza kupewa bei ya kitabu, Sh. 350, badala ya kitabu chenyewe. Mimi nilikuwa nikizihesabu alama za kupendezwa kila saa, kama mchuuzi ahesabuye senti, na kila zilipoongezeka nilijiona nimefanya kazi kubwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba kulipenda tangazo na kukipenda kitabu ni mambo mawili yaliyo mbali kama Lodwar na Mombasa.

Kati ya majibu hayo 900 nilikumbuka moja tu. Liliandikwa na msichana wa kidato cha tatu aliyekaa kambini Kakuma. Wenzake waliandika uaminifu, hekima na ushujaa. Yeye aliandika kwamba kiongozi mwema ni yule anayekuja mwenyewe kwenye bomba kuwaambia watu kwamba leo maji hayatakuja.

Kura ilipigwa Jumamosi, tarehe 14 Mei 2022, katika duka la vifaa vya shule karibu na kituo cha mabasi. Majina yaliandikwa katika vikaratasi, vikatiwa ndani ya sufuria, na mtoto wa mwenye duka akaingiza mkono. Mwalimu alikuwapo, ameketi juu ya kreti la soda. Majina 13 yalikuwa ya watu wa Lodwar, 6 yalikuwa ya watu wa Kitale na Nairobi, na la mwisho kabisa, la 20, lilikuwa la yule msichana wa Kakuma. Nilifurahi kana kwamba sufuria yenyewe ilikuwa imesoma jibu lake.

Watu wa Lodwar walikuja dukani wenyewe. Wa Kitale na Nairobi niliwapelekea kwa mabasi. Msichana hakuweza kuja, kwa sababu mkimbizi haruhusiwi kutoka eneo la kambi pasipo kibali cha safari, na ni nani atakayeomba kibali kwa ajili ya kitabu cha kurasa 96? Nilikifunga kitabu chake kwa karatasi ya kaki, nikaandika jina lake juu, nikamwandikia kwamba kitatoka Jumatatu. Kakuma si mbali. Ni kama kilometa 120, na magari huenda huko kila siku.

Siku ya Jumapili alifika dukani mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kiti cha udiwani. Alikuwa amesikia habari za kitabu, akataka apigwe picha akiwa amekishika. Alisema, na alisema kweli, kwamba wafuasi wake katika mitandao ni maelfu. Juu ya meza kulikuwa na kitabu kimoja tu, kile kilichofungwa. Ningeweza kumwambia angoje nusu saa niende kwa Mwalimu kuchukua kingine. Lakini gari lake lilikuwa likinguruma nje, watu wake walikuwa wameanza kujipanga kwa picha, na mimi nilikwisha kuona akilini jinsi alama za kupendezwa zitakavyomiminika. Nikaichana karatasi ya kaki. Akakishika kitabu kifuani, akapigwa picha mbele ya duka, kisha akaingia garini nacho. Hakulipa, wala mimi sikudai.

Ile picha ilifanya kazi niliyoitazamia. Katika majuma matatu nakala 60 ziliuzwa, zaidi ya zote zilizouzwa kabla yake. Mwalimu alishangaa, nami sikumweleza sababu. Na kosa langu, msomaji, lilikuwa la kutengenezwa kwa Sh. 350 tu. Ningeweza kumnunulia yule msichana nakala nyingine kwa fedha yangu siku ile ile. Lakini Mwalimu alizijua nakala zake kama mfugaji ajuavyo mbuzi zake. Ningenunua moja, angeuliza ya nani, nami nisingetaka kusema. Nikajiambia kwamba nitafanya hivyo mshahara utakapotoka. Mshahara ukatoka, nikalipa kodi ya nyumba na deni la dukani. Nilijiambia tena. Kosa kubwa humkosesha mtu usingizi, akainuka akalitengeneza. Lakini dogo kama hili huweza kukaa na mtu nyumbani kama mgeni, likala naye, likalala, na asione haja ya kulifukuza.

Msichana aliniandikia mara tatu. Simu ilikuwa ya mama yake, na aliitia moto katika kibanda cha mtu mwenye sahani ya umeme wa jua, hivyo barua zake zilikuja kwa nafasi ndefu. Ya kwanza iliuliza kwa adabu, "Kaka, kitabu kimefika wapi?" Nikajibu kwamba kiko njiani. Ya pili ilisema kwamba amekwenda kituoni kuuliza magari yote ya Lodwar, na hakuna dereva anayekijua. Nikajibu kwamba labda kuna kuchelewa. Ya tatu ilikuwa na maneno machache: alinishukuru, akasema atangoja. Baada ya hapo hakuandika tena, na, nisifiche, nilipata raha.

Katikati ya Juni Mwalimu akaitaka orodha yake. Nilikuwa nimeijaza vizuri kwa wino wa buluu, mistari 19 ikiwa na tarehe za kweli. Katika mstari wa 20 nilikuwa nimeandika tarehe 16 Mei. Alivaa miwani, akaipitia polepole, mstari kwa mstari, kwa kidole kile kile alichotumia zamani kunifuatishia herufi. Akafika mwisho.

"Huyu wa Kakuma alikipokea kwa mkono wa nani?"

Ningeweza kutaja gari lolote. Sijui kwa nini sikuweza; labda ni kile kidole. Nikamweleza yote, kuanzia karatasi ya kaki mpaka barua ya tatu. Nilitazamia anikemee, na ningalipenda anikemee, maana kukemewa ni malipo ya namna fulani. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na nakala yake mwenyewe, ile aliyoisahihisha kwa kalamu ya risasi pembeni mwa kila ukurasa akitumaini kwamba siku moja kitapigwa chapa mara ya pili.

"Mpelekee hii," akasema. "Usiitie katika gari la mtu. Ipeleke wewe."

"Mwalimu, hii ina masahihisho yako yote."

"Basi yeye atakuwa na kitabu kizuri kuliko chako."

Nilisafiri Jumamosi, tarehe 25 Juni. Kituoni, gari letu lilipokuwa likingoja abiria, lilisimama kando yetu gari nililolitambua. Juu ya dashibodi yake, nyuma ya kioo, kitabu cha Mwalimu kilikuwa kimelala kifudifudi. Jalada lilikuwa limepauka na kujikunja kwa jua kama ngozi iliyowambwa vibaya. Nilikitazama mpaka gari letu lilipoondoka. Njiani nilikaa na kuyatazama yale ambayo watu wa kwetu hawayatazami, kwa kuwa tumeyazoea: migunga iliyosimama mbali mbali kama watu waliogombana, mbuzi na ngamia, wanawake waliobeba makaa, na vilima vya mawe meusi. Nina umri wa miaka 34, nimezaliwa Lodwar, na kabla ya siku ile nilikuwa nimefika Kakuma mara mbili tu. Watu wa nchi za mbali wanaijua Kakuma kuliko sisi majirani zake.

Mto Tarach ulikuwa mkavu. Ng'ambo ya mji wa zamani ndiko kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, walipofika watoto waliokuwa wamekimbia vita vya Sudani, wengi wao kwa miguu. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na tangu 2016 makazi ya Kalobeyei yameongezwa kando yake; wote pamoja ni zaidi ya watu 200,000. Nilipita njia yenye maduka pande zote mbili, harufu ya kahawa ikitoka mlango mmoja na muziki wa Kikongo ukitoka mwingine, nikauliza njia mara kadhaa, na kila mara nilijibiwa kwa Kiswahili chenye lafudhi nyingine. Katika shule yake mwalimu wa zamu alinisikiliza, akaniangalia kwa shaka inayostahili kuangaliwa nayo mtu mgeni anayemwulizia msichana, kisha akaniweka katika chumba cha waalimu, akaenda kumwita, akarudi akaketi nasi.

Nilitazamia mtoto. Alikuja msichana mrefu, mwenye uso wa utulivu, aliyesema Kiswahili cha Kivu. Nilimpa kitabu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi tangu Lodwar, maneno mazuri, lakini yeye aliniuliza kwanza kama ni mimi niliyeandika kwamba kitabu kiko njiani.

"Ni mimi."

"Kilikuwa njiani?"

Nikasema, "Hapana. Nilikuwa nimempa mtu mwingine. Nilikudanganya, nami naomba unisamehe."

Alifungua daftari lake akanionyesha ukurasa. Ulikuwa na majina 14 ya wasichana wa darasa lake, yaliyopangwa kwa namba. Jina lake lilipotangazwa katika mitandao walifurahi pamoja naye, na kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja wakapanga zamu za kukisoma, kila mmoja siku mbili. Juma la kwanza walimwuliza kitabu kiko wapi, akawajibu nililomjibu mimi, kwamba kiko njiani. Juma la pili na la tatu walimwuliza tena, naye akajibu vile vile. Juma la nne mmoja wao alisema kwamba hakuna kitabu, wala hakushinda kura yoyote, kwamba ni mwongo anayejitafutia sifa. Tangu siku hiyo wengine walianza kuyafuta majina yao katika orodha. Majina 9 yalikuwa yamepigwa mstari.

Nilikuwa nimedhani kwamba uongo wangu ulimfikia mtu mmoja ukakoma kwake. Kumbe nilikuwa nimempa yeye auseme kwa wengine kwa kinywa chake kisichokuwa na hatia, na malipo ya uongo huo akayapokea yeye.

Hakulia, wala hakunilaumu. Alikifungua kitabu ukurasa wa kwanza, akautandaza juu ya meza, akamwomba mwalimu wa zamu kalamu, akanipa.

"Kaka, andika siku uliyoahidi," akasema. "Chini yake andika siku kilipofika. Halafu uandike jina lako."

Nikaandika: 16 Mei 2022. Nikaandika: 25 Juni 2022. Nikaandika jina langu lote, majina matatu, kama mtu awekaye sahihi katika hati ya mahakama. Aliyasoma kwa makini, akapuliza wino ukauke, akalifunga jalada. Mwalimu wa zamu alimwuliza kama atakianza siku ile ile.

"Hapana," akasema. "Kuna mwenzangu atakisoma kwanza." Akamtaja, na mwalimu wa zamu akatabasamu kidogo, maana aliijua habari yote. Dirishani nilimwona akivuka kiwanja chenye vumbi, kitabu kikiwa mkononi, kuelekea chini ya mwarobaini walikoketi wasichana wenzake. Na mmoja wao, alipomwona anakuja, akasimama.